Zamu ya Chiriku Bondeni

4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Sisi wazima. Chuo chetu cha afya kimefunguliwa! Rangi haijakauka na maktaba haina milango, lakini wanafunzi wamefika, mjukuu wako Chiriku akiwemo, anaongea kama redio. Nimewaambia: anayetaka kuja kuongoza afya ya dunia aanze kwa kubisha hodi kwa wagonjwa. Kila mmoja ana mtaa wake. Chiriku kapata wa bondeni.

Mwanao

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Magoti ni yaleyale, yananizidi umri. Nasikia kuna homa huko bondeni, watu wanatapika damu. Moyo wangu hautulii. Mtoe mjukuu wangu. Mkuu wa chuo ni wewe, nani atakuuliza? Nakuomba.

Mama yako

14 Machi

Mama,

Shikamoo. Silali. Wazazi wanapiga simu mpaka inachemka. Nikifunga, chuo kimekufa kabla hakijaota meno. Nikimtoa wangu peke yake, wengine nitawatazamaje? Wanavaa glavu, hawaingii ndani, wanauliza hali za wagonjwa mlangoni tu. Naogopa, Mama. Naogopa sana.

Mwanao

29 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mbona kimya? Simu hupokei. Kila gari likisimama hapa nje natoka mbio, na magoti haya. Niandikie hata mstari mmoja. Chiriku yu hai?

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Chiriku ni mzima. Nilifanya ulichoniomba: nilimhamishia mtaa wa juu, nikasingizia mabadiliko ya zamu. Bondeni akaenda mwenzake wa chumba, yule mpole uliyemsifu kwenye picha. Mzee mmoja alianguka mlangoni, binti huyo akamdaka kabla hajafika chini. Sasa binti amelazwa kwa homa hiyohiyo. Madaktari hawanitazami usoni, na mimi ni daktari, najua maana yake. Chiriku kajua yote, hataki kuniona. Mama wa binti anafika Ijumaa. Nitamwambia nini?

Mwanao

4 Aprili

Mwanangu,

Pole. Barua hii nimempa dereva wa basi la asubuhi, ikufikie kabla mama yule hajafika. Mimi napanda la mchana. Mpe kitanda chako. Mwambie ukweli wote, usijifiche nyuma ya cheo. Mwambie pia kwamba mimi ndiye niliyeomba wangu atolewe, wala sikuuliza ataingizwa mtoto wa nani. Akitaka mtu wa kumpiga, anisubiri, nakuja.

Mama yako