Ufunguo kwenye Shela

Jumatatu, 1 Agosti

Na bado nasema buluu. Si kijani! Ellis ameshika mlango wa gari la kazini, buti miguuni, begi begani, na bado anabisha: madirisha ya nyumba zote za huku ni ya kijani. Ndiyo sababu nataka buluu! Tumebishana hadi dakika ya mwisho, kisha akanibusu mpaka kofia yake ikaanguka kwenye tope. Sasa yuko baharini kwenye mtambo wa mafuta, siku kumi na nne, nami sina wa kubishana naye.

Wiki sita na siku mbili, mke wa Ellis Cheramie. Naandika tena kwa sababu ni tamu: mke wa Ellis Cheramie.

Kikombe chake cha kahawa kiko pale pale, nusu. Sijakiosha. Ujinga, najua.

Posta imeleta barua ya bima ya nyumba. Imeandikwa kwa Bwana Euzèbe Cheramie – babu yake Ellis, aliyefariki miaka kumi na tisa iliyopita! Kampuni inasikitika kumjulisha marehemu kwamba haitatoa tena bima kwa nyumba za huku chini, mto unakoishia. Mwisho ni Jumatatu tarehe 15, saa sita usiku. Wiki mbili tu, na huu ndio msimu wenyewe wa vimbunga.

Nimecheka kwanza. Halafu nimetembea nyumba nzima, polepole, nikigusa kuta. Vyumba vinne juu ya nguzo kumi na sita. Ndicho kitu pekee tulicho nacho duniani. Paa likienda na hakuna wa kulilipia, itabidi tuhame kama walivyohama wengine. Upande wetu kulikuwa na nyumba tatu. Mbili sasa ni nguzo tupu, zimesimama kwenye nyasi kama watu waliosahau walikuwa wanasubiri nini.

Nalala na shati lake. Linanuka dizeli na peremende.

Jumatano, 3 Agosti

Nimeendesha gari kuelekea mto unakotoka, hadi kwa Bi Darlene, wakala wa bima, ofisi ile karibu na daraja. Ananiita bibi harusi. Simkatazi!

Kaniwekea vijitabu viwili. Cha buluu ni cha shirika la jimbo, kimbilio la waliokataliwa na kila mtu. Ada yake ni kubwa mno. Cha njano ni cha kampuni changa, ada karibu nusu ya ile. Macho yangu yakaenda kwenye njano, nani asingefanya hivyo? Akaniambia, soma ukurasa wa tisa. Nikasoma. Upepo wa kawaida ukiharibu kitu, unajilipia kidogo. Dhoruba iliyopewa jina na watabiri wa hewa ikiharibu, unajilipia mwenyewe dola elfu ishirini za mwanzo, ndipo wao waanze kutoa.

"Sasa niambie, bibi harusi, huku kwetu umeona upepo gani unaokuja bila jina?"

Nikauliza kuhusu mafuriko. Akatikisa kichwa. Paa likienda ni upepo, sakafu ikiloa ni maji. Wa upepo hawalipi maji, wa maji hawalipi upepo, na bima ya maji unasubiri siku thelathini ndipo ianze. Kaka yake alikaa mwaka mzima akibishana na kijana mwenye tai wa kampuni ya bima ni kipi kilichogonga mlango kwanza, upepo au maji. "Kaka akamwambia, mwanangu, sikuwauliza. Nilikuwa juu ya mti."

Tumecheka hadi machozi. Kisha akaacha kucheka. Nisikawie, akasema. Dhoruba ikishaingia Ghuba, bahari yetu hii, kalamu zote zinawekwa chini. Hakuna anayeikatia bima nyumba ambayo jiko lake limeshashika moto.

Nimerudi na vijitabu vyote viwili. Nimeviweka mezani upande wa Ellis, kana kwamba atakuja kuvisoma.

Ijumaa, 5 Agosti

Amepiga!! Dakika nne. Nyuma yake kulikuwa na foleni ya wanaume wakimzomea: "Cheramie, maliza, mkeo hajabadilika tangu juzi!" Akawajibu kwamba amezidi kuwa mzuri, hata kwa simu anaona. Nimetabasamu hapa peke yangu jikoni kama mwendawazimu.

Nikamsomea ukurasa wa tisa. Chagua wewe, mpenzi, wewe ndiye uliyemaliza shule. Nikasema sitaki kuchagua peke yangu, ni nyumba yetu. Halafu akasema: buluu basi, kama madirisha yako.

Nilitaka kumwambia kwamba usiku nyumba inalia kwenye misumari. Kwamba jana nilizungumza na friji. Simu ikakatika.

Jumapili, 7 Agosti

Padri huja huku Jumapili moja kwa mwezi, na si hii. Sijasikia sauti ya mtu tangu Ijumaa, hadi mchana Mzee Nolan alipoita kutoka chini ya ngazi akiwa na ndoo ya kamba wabichi wa baharini. Ndiye jirani pekee. Anaishi ng'ambo ya barabara na mashua isiyokwenda tena mbali.

"Wewe mtoto wa mpunga! Unajua kuwamenya, au kwenu mnawala na miguu?"

Kwetu ni mashambani, kwenye mpunga, saa tatu kutoka hapa. Hatanisamehe kamwe.

Nikamwonyesha vijitabu. Akavishika kwa mbali, kama samaki aliyeoza. Bima yake yeye ni nyundo. Fedha wanayompa mtu mwenye tai, yeye hununulia misumari. Nikamwuliza, na paa likiondoka lote, baba? Akaangalia zile nguzo tupu. "Hapo nitakuja kukaa kwako," akasema. "Kwa hiyo kata bima."

Bi Darlene anataka picha za nguzo zetu, nikashuka kupiga. Mzee Nolan akanivuta hadi nguzo ya kona. Kumbe! Upande mmoja umechongwa alama za maji, kila kimbunga na mwaka wake. Upande wa pili ni vimo vya watu wa nyumba hii. Ellis, miaka saba – hivi tu, chini ya kifua changu! Alama hiyo iko sawasawa na maji ya mwaka ule alioniambia walilala darini wakiogopa yazidi kupanda. Juu zaidi: Ozite, nyanya yake Ellis, na mwaka. Mwaka aliokuja hapa akiwa bibi harusi, kasema Mzee Nolan.

Nimeweka kiganja kwenye Ellis wa miaka saba. Nimekaa pale hadi mbu wakanifukuza.

Jumanne, 9 Agosti

Sikujua kwamba mtu anaweza kuwa na nyumba na asiwe nayo.

Nimekwenda kwa Bi Darlene na uamuzi wangu: buluu. Kalamu mkononi. Mstari wa kwanza: mwenye nyumba. Nikaandika Ellis na Corinne Cheramie, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa. Akaniuliza hati iko wapi.

Nikamsimulia. Siku ya harusi, kwenye ile densi ambapo kila anayetaka kucheza na bibi harusi humbandikia noti kwa pini kwenye shela, wote walibandika noti. Kumi, ishirini. Bibi Ozite, nyanya yake Ellis, alikuja mwisho na fimbo yake. Hakucheza wala hakusema neno. Alibandika ufunguo wa nyumba hii. Ukumbi mzima ulipiga kelele! Shela ililemewa upande mmoja, ikanivuta nywele, nikalia kwa furaha.

Bi Darlene alivua miwani. Akanishika mkono, nikajua ni vibaya.

Ufunguo si hati, mwanangu. Nyumba bado ni ya marehemu Euzèbe. Hakuna aliyekwenda kwa wakili kuigawa, huku watu hawaendi. Wanapeana kwa mdomo na kulipa ada kwa jina la aliyekufa. "Miaka kumi na tisa kampuni inapokea fedha za mfu na haina shida. Ila paa likiruka, nani atasaini hundi? Tutamfukua?"

Dawa ipo. Bibi Ozite ana nusu yake kisheria. Akisema kwa maandishi mbele ya wakili kwamba anatupatia sisi nusu hiyo, itatosha kwa cha buluu. Saa moja tu ya kazi.

Nikampigia Bibi jioni. Anaishi kwenye nyumba ya wazee, kule juu mto unakotoka, tangu kimbunga kilichopita. Nikaeleza vizuri, kwa adabu. Akanijibu:

"Nilikupa ufunguo mbele ya watu mia mbili. Na wewe unataka karatasi?"

Nikasema si mimi, Bibi, ni bima.

"Kwenu kwenye mpunga ndivyo mnavyopokea zawadi? Mnaomba risiti?"

Akakata.

Jumatano, 10 Agosti

Nilipaswa kwenda kwake leo. Ni mwendo wa saa moja tu. Nimefua mapazia ambayo hayakuwa machafu.

Alhamisi, 11 Agosti

Redio inasema kuna mawingu yanajikusanya kule chini, nje ya Ghuba. Huenda yakawa kitu, huenda yasiwe. Ellis hajapiga siku sita.

Nimempigia Bibi tena. Nilijiandaa kuomba msamaha, na badala yake nikalia. Mwanamke ambaye nimekutana naye mara moja maishani! Nikamwambia ukweli wote: kwamba nampenda mjukuu wake mno, na kwamba kuna siku jua linazama na nimesema maneno matatu tu, yote kwa jiko.

Akapumua. Mume wake naye alikuwa wa baharini, akasema. Kikombe chake cha kahawa, Bibi alikuwa hakioshi mpaka mume arudi.

Bibi!

Halafu akasema neno ambalo limenichoma. Tangu ahamie kule, watu humpigia wanapotaka saini. Hakuna anayekuja kula naye. Anaweka kiti cha pili mezani, wahudumu wanakiondoa.

"Njoo Jumamosi, huku wanapika gumbo, ule mchuzi wa bamia. Mbovu, wanaweka nyanya. Njoo ule kwanza. Karatasi ikae kwenye gari hadi tumalize kahawa."

Nitakwenda! Wakili ameniahidi saa nane Jumamosi. Nimepiga pasi gauni la njano.

Ijumaa, 12 Agosti

Dhoruba imepewa jina. Bettina. Saa tano asubuhi imeingia Ghuba.

Nilimpigia Bi Darlene saa tano na dakika kumi. Sauti yake ilikuwa ndogo. Kalamu chini, kampuni zote, buluu, njano, zote. Hata kama Bibi angesaini leo kwa damu yake, haingesaidia. Anasikitika. Na mimi najua anasikitika kweli.

Laiti ningekwenda Jumatano.

Wanasema itafika nchi kavu Jumanne alfajiri. Bima ya marehemu inakufa Jumatatu saa sita usiku. Nimehesabu mara mbili, halafu mara ya tatu kwa vidole. Muda wa saa tano au sita hivi, bila mtu yeyote wa kutulipa.

Mzee Nolan amekuja bila kuitwa, na plaiwudi. Hakunitania. Nilimwambia kila kitu, akasikiliza na misumari mdomoni. "Basi leo tunatumia bima yangu," akasema. Tumepiga nyundo hadi kila dirisha likazibwa. Nyumba ina giza mchana.

Jumamosi, 13 Agosti

Amri ya kuondoka imetoka. Gari limejaa: albamu ya harusi, shela, mashati yake, kikombe. Nitakwenda kwa wazazi wangu.

Ellis amepiga! Wanawatoa kwa helikopta kesho, watawashusha upande wa magharibi, atatafuta njia ya kunifikia kwenye mpunga. Nikamwambia hatuna bima, ni kosa langu, niliogopa bibi kizee. Akasema, Corinne, kila mtu anamwogopa. Akasema amenioa mimi, si paa. Kisha sauti yake ikavunjika, maana ni nyumba alimozaliwa.

Nikampigia Bibi kumwambia sitakuja kula. Nyuma yake kelele. Wazee nao wanahamishwa.

"Wametupakia kwenye basi kama kamba kwenye ndoo! Mmoja kaja na jogoo!"

Nikasema Bibi, nisamehe, nimechelewa, nyumba yako haina kitu cha kuikinga.

"Nyumba yako," akasema. "Penseli unayo?"

Ninayo. Ya seremala, ya Ellis.

Nishuke kwenye nguzo ya kona, akasema. Nivue viatu, nisimame wima, nisidanganye kwa nywele. Niandike jina na mwaka. Wakili wao ana karatasi yake, hii ndiyo hati yetu.

Nimeshuka, Bibi bado kwenye simu. Mzee Nolan ameniwekea ubapa wa kisu kichwani na kuchora mstari kwa penseli. Corinne. Nimemzidi Bibi Ozite kwa upana wa kidole! Nilipomwambia, akacheka hadi akakohoa. Amesinyaa kwa uzee, akadai, tupimane upya.

Nikasema nitakuja, Bibi, popote watakapokupeleka.

"Utakuja wapi? Sijui ninapopelekwa. Kaa na mumeo. Mimi ndiye nitakayekuja."

Mzee Nolan anapiga honi barabarani, upepo umeanza kugeuka. Naandika juu ya usukani, ufunguo umenining'inia shingoni. Kabla simu haijakatika alirudia mara mbili, kwa sauti ya juu, basi zima lisikie: kabla mwezi haujaisha atakuja kukaa kwenye baraza lake, liwe na paa au lisiwe, na nimwekee kiti.