Ukitembea, Rehema Hukatika

Jumatatu, 5 Machi 1984
Nimeshona mikono miwili ya magauni, wa tatu nikasimamishwa. Mume wangu Athmani karudi kutoka jikoni mwa hoteli alasiri, kaweka santuri, basi cherehani inyamaze. Sakafu yetu ya ghorofani ni ya boriti. Mtu akipiga hatua chumba chote hutikisika, sindano ya gramafoni ikaruka. Gramafoni aliuziwa mwezi jana na mgeni wa Kizungu aliyekuwa akirudi kwao. Santuri anayo moja tu. Ya Rehema, mkewe wa kwanza, aliyekuwa akiimba harusi za hapa Malindi kabla ya kufa. Miaka sita nimeolewa na Athmani, sikujua kuwa imo sandukuni mwake.

Alhamisi, 8 Machi
Kaleta sponji ya godoro, kaitandika chini ya gramafoni. Sindano inaruka. Kaleta tyubu ya baiskeli, kaijaza upepo, kaweka gramafoni juu yake. Ikayumba kama mlevi. Nilicheka. Hakupenda.

Jumamosi, 10 Machi
Niliinuka kuepua wali, unaungua. Akanishika mkono.
"Hebu keti kitako, Mwanaisha. Ukitembea, Rehema hukatika."
Nikaketi. Tumekula wali ulioungua. Anadai kila sindano inaporuka huacha mkwaruzo, na santuri nyingine kama hiyo hapati tena. Kweli. Lakini hii ni nyumba yangu, na mimi nina miguu. Nimechukia.

Jumanne, 13 Machi
Magauni ya harusi ya jirani yanatakiwa Jumapili, bado mawili. Athmani yuko kazini, nami nashona. Gilasi ya maji mezani inatikisika, maji yanacheza. Gilasi niliyoisahau kwenye kidaka cha ukutani, maji kimya. Nikaruka mara tatu kama mtoto. Kimya vile vile. Ukuta wa mawe, unene wa mkono mzima, hautikisiki. Nilikaa na siri hiyo hadi magharibi. Nilitaka nisimwambie. Nikamwambia kwa ajili ya magauni. Ndivyo ninavyojiambia.

Ijumaa, 16 Machi
Baada ya swala ya Ijumaa fundi mwashi kachomeka vyuma viwili ukutani, ubao juu yake, gramafoni juu ya ubao. Spika zake zimebaki chini, mbali, zisiutikise ubao. Athmani kanishukuru, kaniita hodari. Nimeruhusiwa kushona saa yoyote.

Jumamosi, 17 Machi
Magauni yamekwisha. Leo nimeusikia wimbo mwanzo hadi mwisho, mara ya kwanza. Sauti nzuri. Siwezi kusema uongo humu. Athmani kaketi, kafumba macho. Nikainuka, nikapita mbele yake nikikanyaga kwa nguvu. Nikarudi, nikakanyaga tena. Rehema hakukatika. Athmani hakufumbua macho. Siku zile nilipokuwa nikitembea sindano ikaruka, walau alikuwa akinitazama. Nikaenda jikoni kuchambua mchele.