Mama na Heroe wa Sabaki

Jumamosi usiku

Na nilivyokuwa sitaki aje! Tangu tumzike Baba, Mama hatoki nyumbani wala hacheki, na leo alfajiri akasema atanifuata kwenye hesabu ya ndege. Nilihofia atanitia haya mbele ya wenzangu wa chama cha wapenda ndege.

Tulipofika tu pale mto Sabaki unapoingia baharini, akaanza. "Utoto wangu wote kule Magarini niliwafukuza ndege shambani, leo wewe wawahesabu?" Wote wakacheka. Mimi nikaona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Kisha heroe wakaruka. Kundi zima, mabawa mekundu, wakapita juu ya vichwa vyetu. Mama akavua viatu, akaingia matopeni, akapiga vigelegele. Vigelegele! Ndege wote waliobaki wakatimka, hesabu yetu ikaharibika.

Nikamtazama Bwana Athmani, kiongozi wetu, nikijua sasa tutafukuzwa. Akamwendea Mama, akamvisha darubini yake shingoni. "Shikamoo, Mama. Wakitua, tusaidie kuhesabu upya."

"Marahaba, mwanangu," akasema, na hakuivua mpaka adhuhuri.

Goti lake limevimba kwa yale matope, na hilo lanitia wasiwasi. Lakini sasa hivi yumo chumbani mwake, amempigia simu mamdogo, anamwambia tumeona heroe elfu kumi, na anacheka mpaka anakohoa.

Hawakufika hata mia tatu. Wallahi simsahihishi.