Nimejifanya Najua, Sasa Siwezi Kuuliza

Mshauri mpendwa,

Nisaidie mwenzio, nimejifunga kamba mwenyewe na fundo silioni. Mimi ni mama wa watoto wawili, kazi yangu kupiga pasi kwa dobi, shule niliishia darasa la nne kwa hiyo mwandiko univumilie. Jumapili nilimkuta binti yangu, kitinda mimba, jikoni na simu, macho mekundu, nikataka kumuuliza ana nini lakini yule ukimuuliza anasema hana kitu, nikaona nimtegee, nikamwambia taratibu, "Mwanangu, mimi najua kila kitu," basi kijiko kikamdondoka, akanikumbatia akalia begani kwangu akasema, "Kumbe unajua, mama, na hata hukukasirika. Baba usimwambie, nitamwambia mwenyewe," na mimi nikaapa, mshauri, nimeapa kutunza siri ambayo siijui.

Tangu hapo sina pa kuulizia maana nikiuliza tu nimejiumbua. Kaka yake alikuja kunisifu eti nina moyo mkubwa, nikamwambia nimeshazoea, akanitazama akauliza nimezoea vipi jambo la juzi, nikasingizia maziwa yanachemka. Jumatatu binti akaniuliza, "Mama, nikubali au nikatae?" nami kwa woga nikamwambia afuate moyo wake, Jumanne akarudi na sanduku la safari, kubwa, hata mimi naenea humo nikikunja magoti, nimejaribu. Sasa mtoto anaenda wapi, anaolewa, amepata kazi, anaenda na nani, huko kuna baridi, na mimi ndiye niliyemruhusu, na ataondoka Jumamosi ya wiki ijayo maana kaniomba magauni yake yote yawe yamepigwa pasi Ijumaa.

Halafu kuna mume wangu. Yeye ni fundi saa, mtu wa maneno machache, jana akiwa ameinamia saa ya mteja akaniuliza kama kuna jambo humu ndani, nikasema hakuna, akavua miwani akanitazama akasema, "Haya. Mimi najua kila kitu." Maneno yangu yale yale, mshauri. Sasa sijui kama anajua kweli, au ananitega kama nilivyomtega mtoto, na kama anajua, je, anajua kwamba mimi sijui? Kichwa kinaniuma kuliko siku ya mashuka ya hoteli.

Nijibu kwa siri, usiseme napiga pasi, mume wangu hulisoma gazeti lenu kila Alhamisi na huanzia ukurasa huu.

Ni mimi, Mama Najua

JIBU

Mama Najua, pole, na pia umeyataka. Swali lina kazi mbili: linaomba jibu, na linawaambia watu kwamba hujui. Hiyo ya pili uliionea haya ukaikwepa, sasa umezikosa zote. Mtoto aliyekuwa analia jikoni alitaka mama wa kumuuliza hata mara ya pili, si mpelelezi.

Kiapo kisikusumbue. Huwezi kutoboa siri ambayo hujaambiwa. Ila acha mambo ya pembeni: ukimnong'oneza binti, kaka mtu hatajua kwamba umekiri, ukimnong'oneza mumeo, mtategana upya mpaka mzeeke. Waite wote watatu meza moja, simu chini, useme kwa sauti kwamba ulidanganya na hujui chochote. Kila mmoja asikie, na kila mmoja aone wenzake wamesikia. Kisha muulize binti anakwenda wapi, na unyamaze mpaka amalize. Kama hutaki aende, sema hapo hapo, usije ukalilowesha gauni kwa machozi huku unalipiga pasi. Jumamosi ni keshokutwa.

Kuhusu mumeo, mtu anayejua kila kitu havui miwani kuusoma uso wako.

Umeniomba nikujibu kwa siri, lakini anwani hukuandika. Nimebakiwa na ukurasa huu tu, na leo ni Alhamisi. Kwa hiyo, baba fundi saa, shikamoo. Weka chini hiyo saa ya watu, ingia ndani, mwambie mkeo kwamba nawe hujui. Halafu mwiteni mtoto na kaka yake.