Glasi Mbili za Pinotage

Jumamosi, Kashojwa, kambini kwetu wakimbizi. Jua kali, vumbi jekundu mpaka ndani ya kikombe cha chai. Nina hasira tangu Alhamisi na sijaona sababu ya kuiacha.

Naosha masufuria katika hoteli moja ya Mbarara. Mwezi huu kuna nafasi moja ya kuhudumia mezani, na Madam Annet, mkuu wa wahudumu, ametufundisha divai sisi tunaoitaka nafasi hiyo. Alianza na Pinotage, zabibu nyekundu ya Afrika Kusini. Alisema ina ladha ya matunda ambayo mimi sijawahi hata kuyaona. Niliponusa nilikutana na kinyomoro, lile tunda jekundu lenye mbegu nyingi tulilokuwa tukilinyonya kwetu Kivu, kisha moshi kidogo, kama wa chungu kilichosahauliwa motoni. Niliipenda papo hapo.

Alhamisi ikawa mtihani. Madam akakaa mezani kama mgeni. Nilifungua chupa vizuri, nikamimina kidogo kwenye glasi yake, nikainyanyua, nikaonja, ndipo nikamkabidhi.

Wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Wewe! Kwa nini unakunywa ya mgeni?" Madam alifoka. "Hapa hapana kambi!"

Baadaye, kwa sauti ya chini, aliniambia nimebakiza jaribio moja, Jumatatu, mbele ya wageni wenyewe. Nikirudia kosa, narudi kwenye masufuria. Akanipa ile chupa iliyobaki nusu nikafanye mazoezi.

Nikiri: nililia chooni. Halafu nikajichukia kwa kulia.

Kwetu, anayempa mtu kinywaji huonja kwanza mbele yake. Ndivyo anavyosema kwamba hakuweka sumu. Mkono wangu ulifanya hivyo bila kuniuliza.

Leo mchana mama alipika kila kilichokuwepo, nami nikajaribu kimoja kimoja na divai yangu. Ndagala, vile visamaki vikavu: hapana, ilikuwa kama nimelamba msumari. Pilipili ya mama: moto juu ya moto. Maharage: sawa tu. Lakini sombe, yaani kisamvu, ya mawese na kipande cha mbuzi wa kuchoma nilichonunua njiani! Yale mafuta yaliilainisha divai, nyama ikazidi utamu, na kinyomoro kikarudi mdomoni. Kwenye karatasi ya Madam wameandika jibini na nyama ya ng'ombe. Sombe haimo. Nimeiongeza mwenyewe kwa kalamu, juu kabisa.

Mama ni Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi. Divai anaijua kwa kuiona altareni tu. Nilimmiminia kidogo. Hakuigusa. Alikaa akinitazama mpaka nilipokumbuka, nikaonja. Ndipo akanywa, akafumba macho, akachukua kipande kingine cha mbuzi.

Nikamsimulia ya Alhamisi. Hakucheka.

"Mutu mwenye anakupatia pombe bila kuonja, ule ni mulozi," alisema. "Hata padri anaanzaka yeye. Sasa banakucheka nini?"

Nikakusanya vyombo.

Nafasi ile naitaka. Mikono yangu imechoka sabuni, na mama anazeeka. Ningeweza kuuzuia mkono Jumatatu, ni jambo la dakika moja tu, na hakuna ambaye angenilaumu. Hata mama asingejua.

Lakini nimpe mtu kitu nisichokionja, kisha nimwambie ni kitamu?

Sitaki.

Jumatatu nitabeba glasi mbili kwenye sinia, ya mgeni na yangu. Nitamweleza kwa nini, halafu nitamwambia aagize mbuzi. Madam akitaka kunirudisha kwenye masufuria, yapo palepale, nayajua. Ila mgeni wangu atakuwa ameniona nikionja.