Unga wa Koma

Mjukuu wangu Kadzo,

Hapa Ganze tu wazima, kikohozi cha babu yako kimepungua. Wewe unakula vizuri huko? Waniuliza ufanyeje watu wakikupinga kwa kumtii Mungu.

Miaka ya themanini, nikiwa bibi arusi, mavyaa, mamake babu yako, aliniamuru nisage unga wa kutambikia koma, mizimu ya wazee.

“Mama, kazi zote nitafanya, hiyo siwezi.”

“Basi kesho urudi kwenu, Yesu wako akuoe!”

Akasaga mwenyewe hadi mgongo ukamkaza. Nikamkanda kwa mafuta ya nazi, ingawa nilimwogopa.

“Huyo Mungu wako hajakukataza hili?”

“Ndiye aliyenituma, mama.”

Akanisogezea mgongo. “Haya, kanda na hapa chini.”

Kesho yake sikuambiwa nifunge mzigo.

Nakuombea, mwanangu. Kuogopa si dhambi.

Bibi yako