Jiriwa ya Baba Mdogo

Jumapili, Makambako. Upepo umeanza tangu asubuhi na haujanyamaza. Mabati ya jirani yanagongagonga, vidole vimeingia ganzi, nami nimejifunga blanketi mabegani naandika. Leo sina hamu ya kumchangamsha mtu.

Nataka kuwa fundi wa bunduki. Nimeshaliandika humu, na wachache mliosoma mlinicheka, sawa tu. Sizungumzii kupiga bunduki. Risasi hata moja sijawahi kufyatua. Nataka kuifungua, nione kwa nini kifyatulio kinakwama, niirudishe ikiwa nzima.

Ugonjwa huu niliupata Kichiwa, kwa baba mdogo Zakaria. Alikuwa akitengeneza magobore ya wakulima, yale ya kufukuzia nguruwe pori mashambani, na mimi likizo zangu zote zilikuwa zikiishia kwenye meza yake. Lilipopita tangazo la kusalimisha silaha, alibeba gobore lake mwenyewe mpaka ofisi ya kijiji. Alirudi mpole kama mtu aliyetoka kuzika, na kazi akaiacha.

Basi nikaanza kutafuta mahali pa kusomea kazi hii kihalali. Jamani, nimezunguka! Chuo cha ufundi nilichokwenda Njombe kina uchomeleaji, umeme na magari. Dada wa mapokezi aliposikia neno bunduki aliangalia mlangoni kwanza, ndipo akanijibu. Jeshini umri umeshanipita. Akabaki fundi mmoja wa Arusha, mwenye kibali, anayetengeneza bunduki za wawindaji. Kwenye simu aliniambia vyeti vyangu nikae navyo. Nimtengenezee kipande cha chuma cha mraba na bamba lenye tundu la kukitosha, kiingie hata nikikigeuza upande wowote, bila mwanga kupenya pembeni. Kwa tupa na jiriwa tu, mashine hapana. Nikiweza, atanipokea nijifunze kwake.

Jiriwa ni lile dude zito la kubania chuma mezani. Pale ninapochomelea madirisha ipo moja, imechoka, inacheza kama jino la mtoto. Ya baba mdogo inabana hata unywele.

Na alikubali niichukue, ila kwa njia yake. Mwaka huu nguruwe wamemaliza mahindi yake, maana gobore la kuwafukuza halipo tena, kwa hiyo hakuwa na debe la kupeleka sadaka ya mavuno. Akaamua kutoa jiriwa. Alitaka ipite madhabahuni kwanza, asije akatokea mtu wa kusema ni chombo cha magobore, kisha mimi niinunue mnadani kama mtu yeyote. Niliona ni mpango mzuri. Hata usingizi wa jana ulikuwa mtamu.

Leo baada ya ibada tulisimama nje ya kanisa la Kichiwa kama kila msimu wa mavuno. Wakauza kuku, viazi, mahindi. Mzee wa kanisa akainua jiriwa kwa shida, watu wakacheka. Nikataja bei. Kimya. Baba mdogo akanitazama akitabasamu.

Sauti nyuma yangu ikapandisha.

Mama.

Nikapandisha, akapandisha. Washarika walidhani ni utani wa mama na mwanawe, wakashangilia. Mimi mfuko ulikuwa umeshakauka. Alipoipata, akafanya jambo ambalo kwetu mnunuzi ana haki ya kulifanya: akaitoa zawadi palepale, kwa maseremala wa usharika wanaotengeneza mabenchi. Vigelegele vikapigwa. Kitu kikishatolewa zawadi mbele ya mchungaji, nani atakidai?

Nilipiga makofi na mimi.

Baba mdogo alinivuta pembeni, akasema nikaiombe kwa maseremala niwe naitumia. Nikaiombe, niseme ya nini?

Njiani tukirudi mama aliongea mara moja tu. "Mwanangu, chakula cha mahabusu mimi sibebi tena. Nilimbebea Zakaria, inatosha."

Sikuwahi kujua. Nilipokuwa mdogo kuna kipindi niliambiwa baba mdogo amesafiri, nami nikawa namsubiri aje na zawadi. Kumbe alikuwa mahabusu kwa ajili ya magobore, na mama alikuwa anatoka na kibakuli kila siku, na nyumbani haongei. Nimemkasirikia tangu mchana, na sasa hata hasira yenyewe sijui niiweke wapi.

Jioni hii upepo ulikuwa unausukuma mlango wa jiko, mama akaniomba nitazame komeo. Nikalifungua mlangoni, nikaketi chini, nikalibana katikati ya magoti, nikalipiga tupa taratibu, nikalitia springi. Sasa linafunga kwa mlio mmoja mkavu. Mama alilijaribu, akalijaribu tena, akasema nina mikono ya Zakaria. Kisha akageukia moto haraka. Nadhani lilimponyoka.

Kesho nitaamka niende kuchomelea madirisha. Watu wanataka madirisha, na mwenye duka la madirisha hapati shida ya kueleza kazi yake kwa mtu. Kile kipande cha mraba kiko mfukoni, nilikianza wiki iliyopita na kona moja bado haijanyooka.

Nitakibana wapi?